Maswali ya Benchi: Malori ya jeshi ya zamani, wapi pa kukata na picha ipi ya kuamini

Toleo lililopita tuliweka picha ya modeli ya GMC, lile lori la jeshi la Marekani la Vita vya Pili, ya skeli 1/35 (yaani ndogo mara 35 kuliko lori lenyewe), ambayo mdau mmoja aliitoa kwenye lori la mizigo akaifanya lori la tenki la maji, basi tangu hapo meseji hazikatiki, kila mtu anataka kugeuza lori. Safi sana. Mwezi huu ni malori tu, wa ndege na wa meli mtatusamehe, zamu yenu inakuja. Maswali nimeyafupisha maana kuna walioandika kama wosia, ila lugha yenu nimeiacha ilivyo.

Shikamoo fundi. Mi mwanafunzi hapa Morogoro, mjomba kaniletea boksi la kuunga modeli ya GMC CCKW la 1/35, lile refu, 353. Mi nataka lile fupi, 352, lililokuwa linavuta mizinga. Mtandaoni mmoja anasema kata sentimita 1, mwingine anasema 2. Nikate wapi na kiasi gani? Maana nikishakata ndo basi tena.
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba kijana. Usikate kwa maneno ya mtu, kata kwa namba, na namba zenyewe zipo. Kutoka ekseli ya mbele mpaka katikati ya zile ekseli mbili za nyuma, 353 ina inchi 164 na 352 ina inchi 145. Tofauti inchi 19. Zidisha kwa 25.4 upate milimita, inakuja 482.6, gawa kwa 35, unapata 13.8. Basi hiyo ndo ya kutoa, milimita 13.8. Yule wa sentimita 2 angekuharibia boksi la mjomba, maana kilichozidi hapo ni milimita 6 na kidogo, na milimita 6 kwenye 1/35 ni zaidi ya sentimita 20 kwenye lori lenyewe, hiyo mtu anaiona akiwa mlangoni.

Namba hizi zinatoka kwenye vitabu vya ufundi vya jeshi la Marekani lenyewe. Kila gari lilikuwa na chake, cha GMC hii ni TM 9-801, orodha ya vipuri vyake ni G-508, halafu kuna TM 9-2800 ambacho ni kama daftari la magari yote ya jeshi, kila gari na picha yake na vipimo vyake. Vitabu vya serikali ya Marekani havina hakimiliki, watu wameviskani na unavishusha bure kabisa, shida ni ukubwa wa faili tu, subiri bando la usiku. Mi nashangaa mtu anatoa hela kununua kitabu cha picha za rangi halafu hiki cha bure chenye vipimo hajawahi kukifungua.

Pa kukata sasa. Ni kati ya mgongo wa kabini na pale chesesi inapoanza kushika springi za nyuma. Mbele huko usiguse, kabini na boneti na ekseli ni zilezile, na nyuma huko usiguse, difu mbili na springi zake ni zilezile. Usikate reli zote mbili za chesesi sehemu moja, kata moja mbele kidogo na nyingine nyuma kidogo, ili viungio visikutane kwenye mstari mmoja, vinginevyo ukija kulishika lori linakunjika hapohapo. Kwa ndani ya reli weka kipande cha plastiki cha kushikiza. Shafti inayoenda nyuma nayo ifupishe kiasi kilekile, wengi wanasahau halafu wanaanza kuilazimisha.

Bodi ndo inayowaangusha watu. 353 ya mizigo ina bodi ya futi 12, 352 ina bodi ya futi 9, yaani kwenye skeli yako kama milimita 78. Ukifupisha chesesi tu ukairudishia bodi ileile, umetengeneza gari ambalo halijawahi kuwepo duniani. Na kwenye 352, tenki la mafuta na spea tairi mbili zimekaa kati ya kabini na bodi, zimesimama hapo nyuma ya dereva. Ukiona picha ya zamani ya GMC yenye tairi zimesimama wima nyuma ya kabini, ujue unaangalia fupi, huhitaji hata kupima.

Halafu amua mwaka. GMC hizi zilitengenezwa zaidi ya 560,000, haziwezi kuwa sawa zote. Za mwanzo kabini ni ya bati imefungwa, baadaye wakaleta kabini ya wazi yenye turubai, inaokoa chuma na inachukua nafasi ndogo melini. Bodi zilianza za chuma, zikaja za mbao, zikaja za mchanganyiko. Difu nazo zilikuwa za aina mbili, moja ina duara la mviringo lenye kifuniko cha bolti, wenyewe wanaiita banjo, nyingine imetoka vipande viwili vilivyofungwa pamoja katikati. Sasa hapo wazee wa vitabu watakuambia difu ndo kila kitu. Ukiniuliza mimi, kabini na bodi kwanza, difu ni za kuhangaika nazo kama lori lako litapinduliwa kwenye diorama (ile mandhari ndogo ya kuwekea modeli) au limepanda tuta, vinginevyo zinakaa gizani chini ya lori na hakuna atakayelala chali kuzikagua.

Na neno moja kuhusu picha za malori yaliyokarabatiwa, yale ya rangi mbichi kwenye maonyesho huko Normandie na Uingereza. Ni mazuri, lakini mmiliki wa leo anapenda kujaza vitu, atabandika shoka, sepetu, madumu ya mafuta kila pembe, nyota nyeupe mpaka kwenye sufuria, na tairi za kisasa. Mengi yalipita jeshi la Ufaransa au Norway baada ya vita, yakafunguliwa na kufungwa upya, kabini ya hili ikakaa kwenye chesesi ya lile. Yatumie kwa vitu vidogo, kitasa kimekaaje, bolti ya bampa ina ukubwa gani, waya wa taa unapita wapi. Kujua gari lilikuwa na nini na nini kwa pamoja, tafuta picha ya wakati ule, gari moja, yenye tarehe na mahali, na hilo ndo uligande mpaka mwisho.

Assalaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Mississauga, Kanada. Babu yetu alikuwa dereva wa EAASC, kile kikosi cha usafiri na ugavi cha jeshi la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma na ile 11 Division. Tuna picha moja tu, amesimama kando ya lori. Nambari haionekani yote, yaonekana herufi L na tarakimu tatu. Kioo cha mbele kimekaa vibaya, juu kimetokeza mbele. Nyumbani wasema ni Ford. Nataka nimjengee mamangu modeli yake. Ni lori gani?
*Msomaji, Mississauga*

Waaleikum salaam dadangu, na Mungu amrehemu mzee. Kioo hicho kimeshasema nusu ya jibu. Kioo ambacho juu kimetangulia mbele na chini kimerudi ndani ni kabini namba 13 ya malori ya CMP, malori ya kijeshi ya Kanada, iliyoanza mwishoni mwa 1941 na kuendelea mpaka vita vilipoisha. Walikiinamisha hivyo ili kisiakisi mwanga wa jua. Kabini za kabla yake, namba 11 na 12, kioo hakikutokeza hivyo. Na hapo ulipo ndo kwao, za Chevrolet ziliundwa Oshawa, upande wa pili wa Toronto kutoka kwako, na za Ford ziliundwa Windsor. Lori lilitoka Ontario likaenda kumpata babu Burma, wewe umetoka Mombasa umekwenda Ontario.

Ford au Chevrolet? Kwa mbali huwezi kutofautisha maana umbo walikubaliana liwe moja, tofauti kubwa iko chini ya boneti, Ford ana V8 na Chevrolet ana silinda 6 za mstari. Jina liko kwenye bati la uso wa gari. Kama bega la babu limeliziba, basi chukua neno la nyumbani, dereva hasahau gari lake.

Ile herufi L sasa. Magari ya jeshi la Uingereza yalikuwa na namba iliyotanguliwa na herufi ya aina ya gari, L ni lori la zaidi ya tani 1, Z ni yale madogo ya tani 1 kushuka chini, A ni ambulansi, M ni magari madogo ya maofisa. Kwahiyo babu hakuwa na ile ndogo ya 15-cwt, yaani ya robo tatu ya tani, na hiyo inakuokoa, kwasababu ndogo hiyo ndo boksi rahisi kupatikana na ungeinunua kwa furaha. CMP zina urefu wa ekseli hadi ekseli wa aina kuu tatu, inchi 101, inchi 134 na inchi 158, na vipande vya inchi. Ya 101 umeshaitoa. Zimebaki mbili, kwenye 1/35 ni kama milimita 97 na milimita 115.

Ili uchague, angalia rimu. Lori la tani 3 limevaa tairi za 10.50-20, la tani moja na nusu limevaa 10.50-16. Upana ni mmoja ila rimu ya 16 ni ndogo, tairi linaonekana nene kama limevimba. Kama rimu ni kubwa basi ni tani 3 na hapo linaweza kuwa fupi au refu. Kama picha imepigwa ubavuni, chukua rula, pima tairi moja kutoka juu mpaka chini, kisha hesabu tairi ngapi zinaingia kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma. Zikiingia 3 na kidogo ni fupi, zikikaribia 4 ni refu. Ila pima tu vitu vilivyo kwenye bapa moja na magurudumu, usipime tairi halafu ulinganishe na taa au na babu mwenyewe aliyesimama karibu na kamera, hapo utadanganyika.

Iskani picha hiyo kwa ubora wa juu kabisa kabla hujafanya lolote. Halafu igeuze. Nyuma ya picha za askari mara nyingi kuna mhuri wa studio, au mtu kaandika mwezi kwa penseli, na hapo ndo tarehe ilipo. Kisha kagua bampa na madigadi. Utatafuta duara lenye namba ndani, hiyo inaonyesha daraja la uzito wa gari kwa ajili ya kuvuka madaraja, mraba wenye rangi na namba, huo ni wa kikosi, RASC, kikosi cha usafiri na ugavi cha Waingereza, ilikuwa nyekundu na kijani iliyokatwa kwa mshazari, na kichwa cha mnyama kifaru, ambacho ndo alama ya divisheni ya babu. Hapo angalia sana. Kuna 11 (African) Division iliyopigana 1940 na 1941 kutoka Kenya kupitia Somalia mpaka Ethiopia, na kuna 11 (East African) Division iliyoundwa 1943 ikaenda Burma. Ni mbili tofauti na zinachanganywa kila siku, ukitafuta picha kwa namba 11 peke yake utaletewa jangwa na miiba wakati babu alikuwa kwenye matope.

Na matope ndo yenyewe. Mwaka 1944 divisheni ilishuka bonde la Kabaw kutoka Tamu kwenda Kalewa katikati ya masika ya kule, mvua haikatiki, malaria juu, barabara imegeuka uji, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege. Picha za Imperial War Museum za upande huo wa vita zina namba zinazoanza na SE, utazikuta kwenye mtandao wao, tafuta Kalewa na Chindwin. Desemba 1944 wakajenga pale Kalewa daraja la Bailey (lile la vyuma linalounganishwa kwa vipande) la kuelea la futi 1,154, wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya Bailey duniani. Baadaye barabara ya Tamu–Kalewa ikatandikwa magunia yaliyolowekwa lami. Ukitaka kigae cha kuweka lori la babu juu yake, tandika kitambaa chembamba cha pamba, kipake rangi nyeusi ya kung'aa kidogo, acha mishono ya magunia ionekane na tope la kahawia likipanda kutoka pembeni. Mama ataelewa bila kuambiwa.

Habari za kazi fundi. Niko Kongwa. Nyuma ya gereji moja kuna mifupa ya lori, imebaki chesesi, ekseli, boneti na nusu ya kabini. Wazee wanasema ni la enzi za karanga. Nataka kulijenga kwenye 1/35. Nalipimaje, na nitajuaje ni lori gani?
*Mdau, Kongwa*

Salama kabisa. Una bahati wewe, wenzako wanahangaika na picha. Kwanza ruhusa ya mwenye gereji, na kama kuna kambi au ofisi yoyote ya ulinzi karibu usitoe simu kupiga picha upande huo, hili halina mjadala. Pili, piga piga bati na fimbo kabla hujaingiza mkono, nyoka hawana habari na historia.

Wazee wanaweza kuwa sahihi. Mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 mpaka 1951 ulianzia hapo Kongwa, ukaenda Urambo na Nachingwea, na ulijazwa mitambo iliyobaki kwenye vita, mpaka kulikuwa na trekta inaitwa Shervick, iliyoundwa na Vickers kwa vipande vya kifaru cha Sherman (mwenye boksi la Sherman amelichoka, hiyo ni kazi ya kugeuza ambayo sijaiona mtu wa kwetu ameifanya, najitolea kurasa mbili akiifanya). Lakini Kongwa hiyohiyo miaka ya 60 ilikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Kwahiyo lori linaweza kuwa la karanga au likawa la miaka kumi na tano baadaye, na yote yakaitwa ya zamani. Acha chuma kiongee.

Chuma kinaongea kwa herufi. Giaboksi, difu, kibanio cha springi, blok ya injini kama ipo, vyote vilimwagwa kiwandani na namba zimejitokeza juu yake. Futa kutu kwa brashi ya waya, paka chaki bapa juu ya herufi, halafu nenda jioni na tochi uimulike kutoka pembeni, siyo kutoka mbele, kivuli ndo kinachosoma. Ukikuta herufi za Kirusi hadithi ya karanga imeisha. Ukikuta kibati cha aluminiamu chenye maandishi, weka karatasi juu na usugue na penseli. Hesabu nati za rimu, GMC ina 6. Hesabu majani ya springi na upime unene wa jani moja moja.

Kwa vipimo, anza na katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma, pande zote mbili. Zikipishana, chesesi imepinda, chukua upande ulionyooka. Kisha urefu wa reli, kimo chake, upana kutoka reli hadi reli, na umbali wa kila mtambuka (chuma kinachounganisha reli mbili) kutoka ekseli ya mbele. Kila kipimo anzia sehemu moja, usiunganishe kipande na kipande maana makosa madogo yanajumlishana. Ukishapata hiyo ekseli hadi ekseli, nenda kalinganishe na jedwali la TM 9-2800 na namba nilizotaja humu, mara nyingi orodha inabaki na majina mawili matatu tu.

Picha nazo zina adabu yake. Tafuta ubao mrefu, upake rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita 10, uegemeze kwenye magurudumu. Rudi nyuma mbali unavyoweza halafu vuta kwa zuum, simu ukiisogeza karibu inanenepesha katikati na kukonda pembeni, gari linatoka na tumbo. Simama katikati ya ubavu, simu iwe usawa wa boneti.

Mwenye gari akikubali, chagua kona isiyoonekana, ndani ya mlango au nyuma ya dashibodi, sugua taratibu na msasa laini wenye maji sehemu ya ukubwa wa sarafu. Rangi zitatoka kwa miduara, ya juu kabisa ndo ya mwisho kupakwa, ya ndani ndo ya kiwandani. Ukikuta kijani au kahawia ya jeshi chini na rangi nyingine juu yake, una jibu zuri kuliko la wazee wote. Hapo utaamua, unalijenga lilivyokuwa vitani au lilivyokuwa Kongwa, na ukiamua Kongwa basi mambo ya nyota na namba za jeshi yasahau, weka bodi ya mbao ya kienyeji, vumbi jekundu, na ngazi ya kupandia vibarua.

Niaje fundi. Niko Nairobi, nina Bedford QL, lile lori la jeshi la Uingereza, ya 1/76, nataka iwe ya June 1944. Picha zote ni nyeusi na nyeupe. Wasee wengine wanasema ni kijani, wengine brown. Nani ako sawa?
*Msomaji, Nairobi*

Poa. Wote wako sawa na ndo maana wanagombana. Uingereza ilipaka kahawia iitwayo SCC2 kuanzia 1942 hivi, halafu Aprili 1944 ikaamuliwa magari yawe kijani ya SCC15, lakini hakuna aliyerudi kupaka upya kila gari lililokuwa tayari. Juni 1944 zilivuka zote mbili bahari kwenda Normandie. Nyingi za kahawia zina mabaka meusi ya duara juu, yale watu wanaita masikio ya Mickey Mouse, ukiyaona kwenye picha basi kahawia ni dau salama.

Rangi yenyewe usiisome kwenye picha. Filamu za othokromatiki, aina mojawapo ya filamu nyeusi na nyeupe, hazioni nyekundu, mraba mwekundu unatoka karibu mweusi. Tarehe na kikosi ndo vinakupa rangi.

Kikubwa zaidi, QL ipi? Zilikuwa kama 52,000 kati ya 1941 na 1945 na zimegawanyika, QLD ya mizigo, QLR ya redio, QLB ya kuvuta mzinga wa Bofors wa kutungulia ndege, QLT ya kubeba askari ambayo chesesi yake ilirefushwa nyuma. Ekseli hadi ekseli ni inchi 143, kwenye 1/76 iwe milimita 47.8. Pima yako. Ikikaribia 50 na nusu umeuziwa 1/72, siyo mwisho wa dunia ila usiichanganye na za 1/76 kwenye kigae kimoja.

Salaam kutoka Muscat. Nina Green Goddess ya chuma ya 1/76, lile gari la zimamoto la Waingereza. Naambiwa chini yake ni Bedford RL. Naweza kuitoa Bedford ya jeshi ya mizigo humo?
*Msomaji, Muscat*

Unaweza, lakini usitegemee mengi. Unachopata ni chesesi, magurudumu na uso wa mbele. Mwili wote wa Green Goddess, na ile kabini ndefu ya wazimamoto, ni wa pekee yake, utaukata na kabini utaiunda upya kuanzia kwenye kioo. Juu ya paa la RL ya jeshi kuna tundu la duara lenye kifuniko la mlinzi kuchungulia, usilisahau, bila hilo inakuwa lori la raia. Ekseli hadi ekseli futi 13, kwenye skeli yako milimita 52. Na hakikisha yako imeigwa kutoka ile ya 4x4, zile za mwanzo zilikuwa 4x2, zimekaa chini na mbele hazina difu. Ukipindua tu unaona.

Kaka hizo karatasi za plastiki mnazozitaja kila toleo mnazipata wapi? Huku Tanga hamna duka la modeli na kuagiza nje ushuru unazidi bei.
*Mdau, Tanga*

Nenda kwa mafundi wa mabango. Wanakata plastiki kutwa nzima na vipande wanatupa, waombe ile nyeupe ngumu ya milimita 1 na ya nusu. Tatizo lake nyingine ni PVC na gundi ya modeli haiiyeyushi, hiyo utatumia supa gluu. Ukitaka inayoyeyuka na kuungana kabisa tafuta yenye alama ya pembetatu na namba 6 ndani, ndo polistaireni, vikombe vingi vya yogati ni hiyo, kata ukuta wa kikombe ulalishe chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Yenye namba 5 iache, haishiki gundi wala rangi.

Turubai la lori ni tishu iliyolowekwa gundi nyeupe na maji, ilaze juu ya bodi na uvute mikunjo ikiwa mbichi. Bati la madigadi yaliyopondeka tumia kopo la soda, likate kwa mkasi na ulikunje juu ya kijiti. Waya wa breki chukua uzi mmoja kutoka ndani ya waya wa chaja iliyokufa, na bolti kata kwa wembe kutoka kwenye uzi wa plastiki ulionyooshwa juu ya mshumaa, ukate vipande vyembamba kama kumi hivi zaidi ya unavyohitaji, maana vitakavyoruka sakafuni hutaviona tena.